Lori Limepaki, Nani Kalipaki?

Mikumi ni mji unaoishi kwa kitenzi kimoja. Kiondoe kitenzi hicho leo, na kesho mama ntilie watazima majiko, vijana wa kuziba pancha watakunja jeki zao, na gesti za buku saba na buku kumi zitabaki na popo. Kitenzi chenyewe ni kupaki.

Ukitoka Dar es Salaam na mzigo wa Zambia au Kongo, unafika Mikumi baada ya kama kilomita 300, umekwisha pita Chalinze na Morogoro, na umetoka kukata hifadhi: kilomita 50 hivi za matuta, twiga wanaovuka bila haraka, na vibao vinavyokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, utadhani menyu ya hoteli. Anayerudi kutoka Tunduma anaikuta hifadhi hiyohiyo mbele yake, na usiku unaingia. Wote wawili wanafanya jambo moja. Wanapaki. Hapo ndipo Mikumi inapokula.

Mimi nimekulia hapo. Baba alikuwa dereva wa lori njia ya Zambia, mama alikuwa akiuza wali, maharage na samaki upande wa pili wa barabara. Nyumbani kwetu swali "umepaki wapi?" lilikuwa sehemu ya salamu. Dereva akija kumwamkia mzee, kabla hata hajaketi, anaulizwa kapaki wapi, na jibu lake linaeleza mengi: kama mzigo ni wa thamani, kama ana utingo wa kumwachia gari, kama anakusudia kulala au anapitia tu. Nilikuja kusoma chuo kikuu, nikawa mwandishi wa habari, nikaanza kulipwa mshahara kwa kuhangaika na maneno. Kitenzi hiki nimeishi nacho miaka yote hiyo. Ni miaka mitatu tu iliyopita, baada ya jambo nitakalolieleza huko chini, ndipo nilipokaa nacho na kukiuliza kimetoka wapi.

Tuanze na Kiswahili chenyewe, maana hapo ndipo penye fujo. Tulikuwa na *pakia* na *pakua* zamani sana, jozi inayokwenda kama funga na fungua. Unapakia mzigo chomboni, unapakua. Unapakua hata wali kutoka sufuriani. Halafu Kiingereza kikatuletea vitenzi viwili kwa mpigo. Kimoja ni *pack*, cha kufunga mizigo, neno lililoingia Uingereza na biashara ya sufu kutoka kwa jirani zao wa Uholanzi na Flanders. Cha pili ni *park*. Ulimi wetu haukuona sababu ya kubeba ile *r* katikati, ukavifanya vyote *paki*. Kwa hiyo mtu akikupigia simu akakwambia, "Nimeshapaki," inabidi usikilize vizuri: kafunga begi anataka kuondoka, au kasimamisha gari kwa sababu amefika? Neno moja, safari mbili zinazopishana.

Kumbe safari ya *park* ni ndefu kuliko ya lori lolote lililowahi kulala Mikumi.

Kabla halijawa kitenzi lilikuwa jina, na kabla ya bustani lilikuwa uzio. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, *parc*, katika karne ya 13, likiwa na maana ya eneo lililozungushiwa ua kwa ajili ya wanyama wa kuwindwa, kwa kibali cha mfalme. Wafaransa nao walikuwa wamelipata katika Kilatini cha zama za kati, ambacho kiliokota mzizi huo kwa makabila ya Kijerumani. Waingereza wa kale walikuwa tayari na ndugu yake, *pearroc*, aliyekuja kuzaa *paddock*, uwanja mdogo wa kuwekea farasi. Wajerumani wanaye mwingine, *Pferch*, yaani zizi la kondoo. Ukoo mzima huo una wazo moja tu: ua, na nani awe ndani ya ua.

Ua wenyewe ulikuwa na ujanja. Ulijengwa kwa mbao juu ya tuta, na mtaro ukachimbwa upande wa ndani. Hapa na pale paliachwa mahali ambapo paa wa nje angeweza kuruka akaingia, lakini akishaingia mtaro ulimzuia kuruka kutoka. Mfalme au bwana mwenye kibali akaja na mbwa wake akawinda. Mwanakijiji aliyekuwa akiokota kuni hapo tangu enzi za babu yake akawa mwizi.

Kitenzi kilipozaliwa, kilizaliwa na maana hiyo: *to park* ilikuwa kufungia ndani ya ua. Shakespeare alikitumia hivyo katika *Henry VI*, sehemu ya kwanza, pale jemadari Talbot anapogundua kuwa yeye na askari wake wamezingirwa na Wafaransa, akajifananisha na kundi la paa waliofungiwa uani. Kwake kupakiwa hakukuwa mapumziko. Ni kuzungukwa, ukisubiri mbwa.

Baadaye wanajeshi wakalichukua neno. Mahali pa kupangia mizinga na mikokoteni ya jeshi pakaitwa *park*, na kufikia karne ya 19 kuipanga mizinga hiyo kukawa *to park*. Kutoka kwenye mkokoteni wa jeshi hadi kwenye gari la raia hapakuwa mbali. Karne ya 20 ilipoleta magari, kitenzi kilikuwa kinawasubiri. Ua ukapotea, mnyama akapotea, mfalme akapotea, kikabaki kitendo cha kukiweka kitu mahali na kukiacha.

Kwetu lakini vilibaki vyote viwili, kimoja pembeni ya kingine, na hilo ndilo lililonifanya nicheke peke yangu niliposoma habari hizi. Sijui mji mwingine Tanzania ambao historia yote ya kitenzi hiki unaweza kuitembea kwa miguu kwa nusu saa. Upande huu malori yamepaki. Upande ule kuna ile *park* ya mwanzo, yenye wanyama.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi ikagusana na Selous, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Jina, wazee watakwambia, limetokana na mikumi, ile miti jamii ya mivumo. Na hiyo Selous jirani yetu wazee waliiita Shamba la Bibi, kwa sababu ilisimuliwa kuwa Kaiser wa Ujerumani alimpa mkewe kama zawadi. Iwe kweli au hekaya, tazama jinsi watu walivyolielewa neno bila kuambiwa maana yake: pori kubwa lenye tembo, mwenye nalo ni mke wa mfalme wa mbali. Profesa wa lugha asingeweza kuifafanua *parc* ya karne ya 13 vizuri zaidi.

Halafu Kiswahili rasmi kikafanya jambo ambalo, kadiri ninavyolifikiria, naliona la heshima. Hakikuita *paki ya taifa*. Kilichagua *hifadhi*, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo mzizi wake ni kulinda. Mzizi huohuo ndio unaotupa hafidh, mtu aliyeihifadhi Kurani kichwani. Kuhifadhi ni kutunza, na pia ni kushika moyoni usisahau. Kwa hiyo Mwingereza anapoutazama uwanda wa Mkata, neno lake linamwonyesha ua. Neno letu linatuonyesha kumbukumbu.

Tatizo ni kwamba neno zuri halibomoi ua. Mikumi haina uzio wa mbao wala mtaro. Tembo wanatoka usiku, wanaingia kwenye mahindi, wanakula kilichowachukua watu miezi minne, wanarudi. Mtu akiingia huko kutafuta kuni au asali anakamatwa. Ule ujanja wa ua wa Waingereza umegeuzwa: mnyama anatoka, binadamu haingii. Serikali ina fedha inazotoa kwa waliopata hasara. Ya mazao inaitwa kifuta jasho, ya aliyejeruhiwa au kuuawa inaitwa kifuta machozi. Nimeandika habari za fedha hizo zaidi ya mara moja. Kila mara nawaza aliyebuni majina hayo alikuwa mshairi au alikuwa mtu mkweli tu, aliyejua kuwa unaweza kufuta jasho na machozi lakini shamba hulirudishi.

Ukienda kaskazini, Kilosa mjini, mambo ya ua yanakuwa mazito zaidi, na hapo sina hamu ya utani. Mwezi Desemba mwaka 2000, nikiwa darasa la tano, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini wiki nzima. Nilichokiokota ni maneno: mpaka, mifugo, kukamata, zizi. Nilipokuwa mkubwa nikasoma zaidi, nikakuta kuwa kabla ya damu kulikuwa na ng'ombe waliokamatwa, na kabla ya ng'ombe kulikuwa na mpaka, na kabla ya mpaka kulikuwa na ardhi ambayo kila upande ulikuwa na sababu ya kuiita yake. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji, na wengi wakaswagwa na mifugo yao. Nani awe ndani ya ua, nani awe nje. Sisemi kwamba kitenzi cha Kiingereza kimemuua mtu Kilosa. Nasema wazo lililomo ndani yake lilishatufikia hata pale ambapo neno lenyewe halikutamkwa.

Sasa nije kwenye sarufi, nikiomba uvumilivu wa wasiopenda sarufi, maana hapa ndipo penye kidonda.

Kiingereza kikisema gari limepaki, kinasema *it is parked*. Limefanywa hivyo na mtu. Sisi tunasema "lori limepaki," kana kwamba lori limeamua lenyewe. Kwa nini hatusemi limepakiwa? Kwa sababu nafasi hiyo ilishakaliwa. *Kupakiwa* tayari ni kauli ya kutendwa ya *pakia*. Ukisema lori limepakiwa, mtu ataelewa limejazwa mzigo. Basi kitenzi kikakosa kauli ya kutendwa iliyo safi, na kwa kuikosa, kikampoteza mtendaji. Hakuna anayepaki lori. Lori linapaki tu.

Bibi yangu, mama yake baba, Mvidunda wa milimani, alikuwa akisimulia Operesheni Vijiji kwa neno moja: tulipakiwa. Novemba mwaka 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe ameshahamia. Yeye na watoto wake walipandishwa kwenye lori na vyungu vyao, wakashushwa mahali palipopimwa kwa kamba, nyumba zitakapojengwa kwa mstari. Neno lake linabeba yote mawili. Walipakiwa kwa maana ya mzigo, wakapakiwa kwa maana ya gari. Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kauli ile ya kutendwa aliitumia mahali pake.

Vijana wa leo wamekipa kitenzi kazi nyingine. Tangu José Mourinho, mwaka 2004, alipolalamika kuwa Tottenham wameleta basi na kulisimamisha mbele ya goli, dunia nzima ya mpira inapaki basi. Keti kwenye kibanda chochote cha kuonyesha mpira Mikumi siku Yanga au Simba wanacheza na timu ndogo ya mkoani, utasikia: "Hawa leo wamepaki basi!" Ni tusi kwa mwenye nguvu asiyepata goli. Kwa mnyonge ni mkakati. Ua tena, ila safari hii walioujenga ni walio ndani.

Na kuna matumizi mengine ambayo sikuyakuta kwenye kamusi niliyonayo mezani. Gari likiharibika kiasi kwamba mwenye gari hana tena fedha au nia ya kulitengeneza, tunasema limepaki. "Ile Scania? Imepaki tangu mwaka juzi." Majani yanaota kwenye chesisi, kuku wanatagia chini ya kebini. Limepaki. Hakuna aliyesema limekufa.

Miaka mitatu iliyopita baba alipata kiharusi akiwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Miaka thelathini na mbili njiani, na ugonjwa ukamkuta kasimama. Utingo wake ndiye aliyemfikisha hospitali. Mwenye gari alituma mtu kuchukua lori, akalipa mishahara ya miezi miwili, na simu yake ikaanza kutopatikana. Mzee akarudishwa Mikumi, upande wa kulia umelala, maneno yake yamepungua yakabaki machache.

Madereva wenzake walikuja. Walimpa mama pole, wakatoa bahasha, wakaketi ukumbini wasijue waseme nini. Nje nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwenye simu, kwa upole kabisa: "Mzee amepaki."

Nilikasirika, na nilishindwa kueleza kwa nini. Hakukusudia ubaya. Ndiyo lugha yao, na ni lugha ya baba pia; mwenyewe amewahi kuwasema wengine hivyohivyo. Usiku ule ndio niliofungua kamusi. Nilichokipata sicho nilichokitafuta, lakini kilinisaidia kuona kilichoniudhi. Kilichoniudhi ni kile kilichoniudhi kwenye sarufi: mzee hakupaki. Mtu hapaki mwenyewe baada ya miaka thelathini na mbili bila bima ya afya, bila mkataba wa maandishi, akilala kebini siku nne katika kila saba, akila chumvi za barabarani na kunywa vinywaji vya kukesha ili mzigo wa mtu mwingine ufike kwa tarehe. Amepakiwa. Kuna mtendaji. Sentensi imemficha tu, kama tulivyozoea kumficha kwenye habari za ajali, tunapoandika kwamba basi limeparamia lori, utadhani ni fahali wawili malishoni.

Kazini wahariri wetu hawapendi kupaki. Ukiandika "lori lilikuwa limepaki," linarudi likiwa "lilikuwa limeegeshwa." Nilikuwa nikiona ni ushamba wa usanifu, kupenda neno gumu kwa kuwa ni gumu. Siku hizi simlaumu mhariri. *Egesha* ni neno la watu wa pwani, la kukisogeza chombo hadi kigusane na gati. Ni ndugu wa egama na egemea. Ndani yake kuna kitu cha kuegemea. Na lina kauli ya kutendwa iliyonyooka, isiyochanganywa na mizigo: limeegeshwa, na nani? Unaweza kuuliza swali hilo na sarufi ikakuruhusu.

Hata hivyo siwezi kwenda Mikumi nikamwambia dereva aegeshe. Angenitazama kama mtu aliyevaa tai kwenye gereji. Kupaki ni lao, na wamelilipia. Ninachofanya ni kidogo. Ninapoandika habari za barabara hii ninajitahidi kila sentensi iwe na mtu ndani yake: nani alilipaki, kwa amri ya nani, aliendesha saa ngapi kabla ya hapo, nani analipwa likitembea na nani anaumia likisimama. Mara nyingine mhariri anakata kwa sababu ya nafasi. Mara nyingine inapita.

Mama ameacha wali, anauza chai na vitumbua asubuhi, mahali ambapo mzee anaweza kumuona kutoka kibarazani. Baba anakaa hapo na fimbo yake. Maneno aliyobaki nayo nayahesabu kwa vidole: anaita jina la mama, anakataa, anaomba maji. Lori likipunguza mwendo upande wa pili, anageuza kichwa kabla sijaliona. Analijua kwa mngurumo, na kama breki zina matatizo anakunja uso. Dereva akishuka na kuvuka barabara kuja kumwamkia, "Shikamoo mzee," baba anahangaika na mdomo kidogo, mkono wa kushoto ukipiga goti, hadi swali litoke.

"Pa-ki wapi?"

Na dereva anamjibu kwa kirefu, anamwelekeza kwa kidole, anamweleza mzigo ni wa nani na unakwenda wapi, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake wa kazi.